Tipa hujaribiwa mlimani, si kwa dalali

Nyuma ya tipa lile, chini kidogo ya mlango wa bodi, fundi wetu alikwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba. Ilitoka bluu, ikafuata nyeupe, kikabaki kibati chenye herufi za Kijapani na tarakimu zisizohitaji mkalimani: kilo 3,500. Dalali aliyekuwa amesimama pembeni akacheka.

“Hizo hesabu za huko kwao, mzee. Hapa linapiga tani kumi na halitoi hata jasho. Nguvu lililonayo hili!”

Shemeji yangu alinitazama. Alikuwa amestaafu miezi minne nyuma, mafao yako benki, na kila mgeni aliyepita nyumbani kwake alimwachia ushauri: jenga fremu za maduka, fuga kuku wa mayai, nunua bodaboda tano uwape vijana. Yeye alikwisha kuamua. Alitaka tipa. Scania la ekseli tatu lilimzidi mfuko, na Canter lilikuwa dogo kwa kazi ya kokoto na mchanga aliyoikusudia. Alitaka gari la kati, lile ambalo Dar es Salaam nzima huliita Fuso hata kama usoni limeandikwa Isuzu. Kwa wiki tatu tuliingia yadi baada ya yadi, Tegeta mpaka Mbagala, na kote aliuliza swali moja: “Lina nguvu?”

Hakuna dalali hata mmoja aliyejibu hapana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mlima wa mwenzio ni tambarare. Ilituchukua muda kuelewa kwamba kasoro haikuwa kwenye majibu yao, ilikuwa kwenye swali letu.

Tarakimu chini ya rangi

Japani, lori hubeba nyuma yake maandishi ya uzito wa juu linaoruhusiwa kupakia. Gari likifika huku, kibati hicho huwa cha kwanza kupakwa rangi, na ndicho cha kwanza kinachofaa kutafutwa.

Ile 3,500 ina historia yake. Mpaka Juni 2007, leseni ya kawaida ya udereva Japani ilimruhusu mtu kuendesha lori ambalo uzito wake wote, yaani gari na mzigo pamoja, haufiki tani 8. Viwanda vikaunda magari ya kukaa chini kidogo tu ya mstari huo. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, bodi ya chuma na jeki ya kuinulia, kinachobaki kwa mzigo ni tani tatu na nusu, pengine nne kasoro. Mitsubishi Fuso Fighter, Isuzu Forward, Hino Ranger na Nissan Diesel Condor, yote yana toleo la namna hiyo, na ndiyo yaliyojaa kwenye yadi zetu kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mengi kwao.

Lakini kila moja lina kaka yake. Ana kabini ileile, nembo ileile, mara nyingine hata injini ileile, ila chesisi yake ni nene, ekseli ni pana, springi ni nzito, na uzito wote unaoruhusiwa unapanda hadi kati ya tani 14 na 16 kulingana na toleo. Mtu akiyatazama kutoka mbele hatayatofautisha. Akishuka mpaka kwenye gurudumu atayatofautisha haraka, kwa kuwa mdogo kwa kawaida hufungwa kwa nati 6, na mkubwa nati 8 au 10. Ndiyo maana mafundi wazoefu hukagua gari wakiwa wamechuchumaa, huku mnunuzi bado anapapasa usukani.

Ushahidi wa pili uko kwenye namba ya modeli, ile inayosomeka kwenye kibati cha mlangoni na kwenye kadi. Kwa Fuso Fighter, FK ni mdogo na FM ni mkubwa. Kwa Nissan Diesel Condor ni MK na PK. Hino Ranger mdogo ni FD, mkubwa ni FG. Isuzu Forward huanzia FRR na kupanda mpaka FVR. Herufi moja tu, lakini ndani yake mna tofauti ya tani kadhaa, na bei ya yadini mara nyingi haiionyeshi, kwa sababu wauzaji wengi hupanga bei kwa mwaka wa gari na ung’avu wa rangi.

Fundi alihesabu nati za lile la bluu. Sita. Namba ilianza na FK. “Hili ni gari zuri,” akamwambia shemeji, “kwa mtu wa kubeba tani tatu na nusu.” Tukaaga.

Mlima unadai kiasi gani

Jioni ile, kwenye benchi la gereji, fundi alimuuliza shemeji swali ambalo hakuna dalali aliyemuuliza. Kazi yako itakuwa njia gani?

Shemeji akataja Goba, Makabe na Msumi. Huko watu wanajenga kwa kasi, vilima ni vikali, na barabara za mitaani nyingi bado ni za udongo. Fundi akachukua kipande cha chaki, akaandika sakafuni.

Mlima, alieleza, ni mdai mwenye hesabu nyepesi. Barabara ikipanda mita 10 kwa kila mita 100 unazosogea, inakudai kama sehemu moja ya kumi ya uzito wako wote. Ikipanda mita 15, inadai asilimia 15. Lori la tani 15, gari na mzigo, kwenye kipande kama hicho linarudishwa nyuma kwa nguvu ya tani 2 na robo. Hapo hatujagusa ardhi yenyewe. Lami nzuri hudai asilimia moja hivi ya uzito ili matairi yabingirike, lakini udongo uliolegea hudai asilimia 5 kirahisi, na mchanga mlaini zaidi ya hapo. Ukiongeza asilimia 5 ya udongo, mdai wako anataka tani 3 kamili.

“Sasa,” fundi akasema, “tuone kama unazo hizo tani tatu za kulipa.”

Injini haisukumi, inazungusha. Nguvu ya kuzungusha unaweza kuipima kwa kumfikiria mtu anayening’inia kwenye spana ndefu. Tuseme injini yako inazungusha sawa na kilo 50 zilizoning’inizwa kwenye spana ya mita moja, kiwango ambacho injini nyingi za silinda sita za magari haya hazikikosi. Gia namba moja inazidisha nguvu hiyo, tuseme mara sita na nusu. Kisha difu inazidisha tena. Kama difu ni ya 6, kwenye ekseli unapata kilo 1,950 za mkono wa mita moja. Gurudumu lenye kimo cha nusu mita kutoka kitovuni hadi chini linaigeuza kuwa kilo 3,900 za kusukuma. Toa asilimia 15 zinazopotea kwenye msuguano wa gia na beringi, unabaki na kama kilo 3,300. Deni ni 3,000. Unapanda.

Akafuta 6, akaandika 4.5. Injini ileile, gia ileile, tairi lilelile. Jibu likawa karibu kilo 2,500. Mlima unadai 3,000. Gari linasimama katikati ya kilima, utingo anaruka chini na jiwe mkononi.

Kisha akairudisha difu ya 6 na kupandisha uzito kutoka tani 15 hadi 18, ule “ukarimu” wa kuongeza mchanga kidogo juu. Deni likaruka hadi kilo 3,600. Sasa hata lile gari la kwanza limeshindwa.

Shemeji alikaa kimya akiziangalia namba pale sakafuni. Nadhani ndipo alipogundua kwamba wiki tatu nzima alikuwa akiuliza kuhusu injini, na injini ni tarakimu moja tu kati ya nne.

Chaki kwenye propela

Wiki iliyofuata tukalipata Fuso la pili. Lilikuwa la nati nane, FM, injini 6D17 inayonguruma vizuri, halina moshi, halina mtiririko wa oili. Muuzaji, bwana mmoja mpole, hakuwa na porojo za madalali. Shemeji tayari alikuwa akitafuta kalamu.

Fundi akaomba jeki na mawe mawili. Akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaweka gia huru, akaachia breki ya mkono, maana kwenye malori mengi ya aina hii breki ya mkono hukamata propela, si magurudumu. Akainua gurudumu moja la nyuma mpaka likaning’inia. Akachora alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi. “Zungusha tairi mara mbili kamili,” akamwambia kijana wake, naye akalala chini ya gari kuhesabu.

Sababu ya mara mbili ni kwamba gurudumu la upande wa pili liko chini, halizunguki, kwa hiyo difu inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Mizunguko miwili ya tairi moja ni sawa na mzunguko mmoja wa ekseli nzima, na idadi ya mizunguko ya propela ndiyo namba ya difu. Ni kipimo kisichohitaji mashine wala kitabu, na hakuna muuzaji anayeweza kukipaka rangi.

Propela ilizunguka mara nne na nusu.

Muuzaji hakubisha. Akaeleza kwamba gari lilikuja likiwa na bodi ndefu ya mizigo, likafanya safari za mikoani miaka kadhaa, kisha chesisi ikakatwa, ikafungwa bodi ya tipa hapa hapa mjini. Hilo si kosa la jinai. Matipa mengi mazuri tunayoyaona barabarani yalianza maisha hivyo. Lakini lori la masafa huundwa na difu ya mbio, ili likimbie kwenye lami kwa mzunguko mdogo wa injini na mafuta kidogo. Tipa la kiwandani huundwa fupi, na difu ya kuvuta, na chesisi yake huongezewa nguvu nyuma pale bodi inapobinukia. Unapoligeuza la kwanza kuwa la pili, bodi inabadilika na difu inabaki na tabia yake ya zamani.

Kwa mtu wa kubeba kokoto kutoka Lugoba, kilomita zaidi ya mia moja za lami, difu ile ilikuwa baraka. Kwa mtu wa Msumi ilikuwa hukumu. Difu inaweza kubadilishwa, na mafundi wa Dar es Salaam hufanya hivyo, ila gharama yake uiweke kwenye bei kabla hujapeana mkono, si baada.

Jambo jingine linaloiba nguvu kimyakimya ni matairi. Kuna wanaopenda kufunga matairi makubwa ili gari linyanyuke na kuonekana limeshiba. Tairi likikua kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kusukuma inapungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Na hata ukiwa nayo nguvu yote, ardhi ndiyo inayoamua ni kiasi gani kitatumika. Kwenye udongo mkavu tairi hukamata. Kwenye mfinyanzi uliolowa magurudumu huanza kucheza hapo hapo, injini ikiwa bado haijafika hata nusu ya uwezo. Ukiona tipa linachimba shimo huku linanguruma, usiseme halina nguvu. Limekosa pa kuiweka.

Tabo au bila tabo

Mazungumzo ya injini hayaishi kijiweni. Wazee wa gereji huziapia zile za zamani zisizo na tabo: 6D16 ya lita 7.5 na 6D17 ya lita 8.2 za Fuso, 6HH1 ya Isuzu, J08C ya Hino, FE6 ya Nissan Diesel. Nguvu yake inaanzia chini, injini ikiwa bado inazunguka taratibu, na ndivyo kazi ya mlimani inavyotaka. Nyingi zina pampu ya nozeli ya kizamani ambayo fundi wa Singida anaweza kuifungua mezani na kuirudisha.

Zilizokuja baadaye, zenye tabo na mfumo wa mafuta unaoongozwa na kompyuta, huvuta zaidi zikiwa nzima, na hutumia mafuta vizuri zaidi. Atakayesema tabo haina nguvu hajaendesha iliyo nzima. Tatizo ni neno hilo, nzima. Machimbo ya mchanga na kokoto ni nchi ya vumbi. Chujio la hewa likipasuka na dereva asijue, tabo inasagwa na punje ambazo injini ya zamani ingezila na kuendelea kwa muda. Dizeli yenye maji, ambayo pampu ya zamani hulalamika tu, kwenye nozeli za kisasa hugeuka hasara kubwa. Kwa hiyo ukichagua tabo, unachagua pia nidhamu ya kubadilisha machujio kwa wakati na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta. Usiye na hivyo viwili, kaa na lita nane za utulivu.

Spea nazo zina neno. Kabla ya kuipenda injini, pita Gerezani na Ilala uulizie pistoni, gasketi, nozeli na diski ya klachi za namba hiyo. Mahali ambapo maduka matano yanakujibu bila kuinua macho, hapo nunua. Mahali ambapo unaambiwa “njoo keshokutwa tuangalie”, gari lako litakuwa likija keshokutwa maisha yake yote.

Alfajiri kabla halijawashwa

Fuso la tatu tulilifuata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila kumpigia mwenyewe simu mara ya pili. Ndivyo fundi alivyotaka. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya baridi. Muuzaji anayeliwasha gari kabla hujafika huenda anakuficha kuwaka kwa shida, na injini iliyochoka husema ukweli inapoamka tu.

Likawashwa. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi ukatoka ukaisha, na hilo ni la kawaida. Ukiendelea kutoka mweupe gari likishapata moto, shuku maji yanayoingia kwenye silinda au mafuta yasiyoungua. Mweusi mzito chini ya mzigo ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi nozeli au chujio. Wa bluu ni oili inayoungua, na huo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa tiba yake ni kuifungua injini.

Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Injini yenye ringi zilizokwisha hupumua pale kama sufuria ya maharage. Hii ilitoa mvuke mwembamba tu. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi, sawa, ni dizeli. Ingekuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia, nasi tungerudi nyumbani kunywa chai ya kweli.

Klachi ilipimwa kwa dakika moja. Breki ya mguu imekanyagwa, gia ya nne, klachi inaachiwa polepole. Injini ikizima palepale, klachi inakamata. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, unanunua nguvu isiyofika kwenye magurudumu. Kisha akafungua bolti ya chini ya difu na ya gia boksi. Oili ya difu huwa na unga laini wa chuma kwenye sumaku ya bolti, huo ni uzee. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia, na huo ni msiba.

Propela ilizunguka karibu mara sita. Shemeji alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Fundi akamwonya asifurahi mapema, akaingia chini ya gari na tochi.

Mifupa

Nguvu inayovuta hupita mahali, na mahali penyewe ni chesisi. Kwenye tipa lililotumika, nyufa hupenda kukaa nyuma ya kabini, kwenye vishikio vya springi na pale bodi inapobinukia. Kipande kipya cha rangi nyeusi kwenye chesisi yenye vumbi la miaka ni cha kukwanguliwa. Chuma kilichochomelewa juu ya ufa bila kuondoa chanzo kitapasuka pembeni ya mchomeleo. Springi zilizoongezwa majani ni kama shajara ya mwenye gari wa kwanza. Zinakuambia alikuwa akipakia kiasi gani.

Jeki ya bodi iliinuliwa mpaka nusu, injini ikazimwa, tukanywa soda. Baada ya robo saa bodi ilikuwa palepale. Ingekuwa imeshuka yenyewe, kasoro ingekuwa kwenye sili au valvu, na siku moja ingeweza kuwa juu ya kichwa cha utingo anayesafisha chini yake. Kwa upepo wa breki, gari lilijazwa likazimwa, tukatazama mshale. Unaoshuka haraka huku hakuna anayekanyaga kitu unaonyesha kuna mahali panapovuja. Wanunuzi wengi huuliza gari linapandaje, wachache huuliza linashukaje, na kilima cha Msumi kina pande mbili.

Hatimaye mlima wenyewe. Hapa fundi hakukubali mkato. Tipa tupu hupanda popote, na ndiyo maana madalali hupenda kukutembeza nalo tupu. Shemeji alinunua tripu moja ya mchanga kwa fedha yake, tukaomba njia ya Goba, na mwenye gari akaketi kati yetu. Hasara haikuwepo, mchanga ule ulishushwa kwa jirani anayejenga. Kwenye kipande kikali dereva alipunguza makusudi, akaweka gia namba moja akiwa karibu kusimama, akaanza upya. Fuso likatetemeka, likanguruma kwa sauti nzito, likaanza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mshale wa joto haukusogea. Halikuwa na haraka, wala halikusita.

Makaratasi yalifuata, na hayo ni ya kufanya kwa macho makavu. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kwenye kadi, namba ya injini vilevile, na kadi halisi ionekane mezani. Ukiambiwa kadi iko benki, basi mwenye gari ni benki. Leseni ya usafirishaji ya LATRA na bima viingie kwenye bajeti ya mwanzo, si ya mwezi wa pili.

Mstari mwekundu

Kilichobaki kilikuwa ubishi kuhusu tani ngapi. Dereva mpya wa shemeji alisema kumi, kama wenzake wote. Fundi akarudi kwenye chaki yake.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Jumla ni 18. Gari tupu ni kama tani 7, kwa hiyo kwa haraka mtu atasema zimebaki 11. Lakini bodi ya tipa fupi hulalia nyuma. Ikiwa theluthi mbili za uzito wote zinakaa kwenye ekseli ya nyuma, zile tani 10 zinajaa gari likiwa na tani 15 tu. Toa gari, unabaki na 8. Ndiyo sababu tipa linaloshuka na kokoto za Lugoba laweza kukamatwa kwenye mizani ya Vigwaza ingawa jumla yake iko sawa kabisa. Na, alituonyesha fundi, kibati cha nyuma cha Fuso hili, baada ya kukwanguliwa, kilisomeka kilo 7,500. Wajapani na sheria yetu, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamefika karibu mahali pamoja.

Mchanga mkavu una tani moja na nusu na kidogo kwa kila mita moja ya ujazo. Ukilowa hukaribia mbili. Bodi ya shemeji ina sakafu ya mita za mraba 8. Kwa mchanga wenye unyevu wa kawaida, kilo 7,500 zinafika kimo cha sentimita 52, zaidi kidogo tu ya nusu mita. Shemeji akanunua kopo dogo la rangi nyekundu, akapiga mstari ndani ya bodi kuizunguka yote. Ubavuni, mahali ambapo wenzake huandika majina ya watoto na misemo ya kutishia mahasidi, hakuandika kitu. Nyuma alimwambia mchoraji aache ile 7,500 ionekane.

Siku ya kwanza machimboni, vijana wa mabeleshi walipoambiwa waishie kwenye mstari, mmoja aliegemea mpini akauliza, “Mzee, hii ni tripu au sampuli?” Wakacheka wote. Wateja wawili wa tambarare walimwacha wakaenda kwa wanaojaza zaidi. Wa vilimani hawakumwacha, kwa sababu huko bei ya mchanga huhesabiwa pamoja na swali la kama utafika. Malori yaliyojazwa mpaka pomoni humwaga mzigo chini ya kilima, na mwenye nyumba anaanza kulipa vijana wa toroli.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naye kwenye kabini tukipanda Msumi. Katikati ya kilima lilisimama tipa jingine, jipya kuliko la kwetu, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe, utingo akipunguza mchanga kwa beleshi kando ya barabara. Tulilipita kwa gia namba mbili. Juu, kwenye kiwanja cha mteja, kijana aliyekuwa akitafuta gari la kununua aliliangalia Fuso likimwaga, akalizunguka, akapiga tairi teke kama wafanyavyo wote, akamuuliza shemeji:

“Mzee, hili lina nguvu?”

Shemeji alimtazama, akafuta jasho.

“Ya kwenda wapi?”